Vyungu vya Bibi Arusi Mwavita

Mmea wa majani manono hauombi maji, wanangu. Ninyi ndio mnaousikia ukiomba. Nimepita kwenye baraza zenu hapa Rumonge, nikaona mishubiri imelala kifudifudi kwenye makopo ya maziwa, udongo umekuwa matope, na mwenye nyumba amesimama na kata mkononi anashangaa. Kisha ananiuliza, "Bibi, huu umerogwa?" Haujarogwa. Umenyweshwa mpaka umekufa. Katika kazi yangu yote ya kupamba nyumba, mimea iliyokufa kwa kiu naikumbuka mmoja mmoja. Iliyokufa kwa huruma ya wenyewe, hiyo siwezi hata kuanza kuitaja.

Sasa miguu imegoma, mikono ndiyo bado inataka kazi, na mmenikalisha hapa niwaeleze nilivyokuwa nafanya. Nitawaeleza, lakini msinidai mpangilio. Nikikumbuka kitu nakisema, nikikisahau mtanisamehe.

Nilianza enzi za Mdachi, nikiwa mke mchanga wa mvuvi. Mji wetu ulikuwa nyumba chache za watu waliotoka Ujiji na ng'ambo ya ziwa, pamoja na Warundi waliokwisha kusilimu, na wote hao walikuwa watu wa baraza. Mtu anaweza kula muhogo mkavu mwezi mzima, lakini baraza yake lazima ipendeze, kwa sababu hapo ndipo anapokaa na wageni na hapo ndipo anaposemwa. Bi Sakina, mama mmoja wa Ujiji mwenye sauti ya kukwaruza na vidole vyeusi kwa udongo, ndiye aliyekuwa akiitwa kupamba baraza hizo. Siku moja aliniona nimepanda mshubiri mlangoni kwangu. Akauchungulia, akacheka, akaniambia nimfuate. Sikujua kama nimesifiwa au nimechekwa, ila nilimfuata.

Mshubiri ule nilikuwa nimeukata asubuhi na kuupanda asubuhi ileile, kisha nikaumwagia maji kwa moyo mweupe. Baada ya siku chache ukanuka. Bi Sakina hakunigombeza. Alishika kidole changu gumba, nilichokuwa nimejikata na kisu cha samaki, akaniuliza, "Hiki kidonda ungekitia matopeni?" Nikasema hapana. "Basi na wenzako wana vidonda." Tangu siku hiyo, tawi lolote nikilikata nalilaza kivulini, juu ya jamvi, mpaka pale palipokatwa pafanye ngozi ngumu. Ndipo nalipanda, tena kwenye mchanga mkavu, na maji nayasahau kwa muda. Ninyi mna haraka. Mnataka mkate leo, mpande leo, kesho mgeni asifie.

Udongo nao msiuchukue popote. Mchanga wa ufukweni ni laini mno, unashikana kama unga uliolowa. Sisi tulichota ule wa chengachenga kwenye mto Murembwe, tukauchanganya na udongo mweusi kidogo na samadi iliyokaa mpaka ikasahau kuwa ilikuwa samadi. Chini kabisa ya chungu tulitandaza maganda ya kokwa za chikichi, maana hayo hapa kwetu hayajawahi kuadimika. Kabla ya kumwagia, tia kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo umeng'ang'ania, weka kata chini uende ukafanye kazi nyingine.

Na majani yenyewe yanasema, ukiyatazama. Jani lililokunjamana lakini likabaki gumu, hilo lina kiu. Jani lililolegea, likawa la manjano na kuonyesha mwanga ndani, hilo limekunywa kupita kiasi. Shida ni kwamba kwa mbali yote mawili yanaonekana yamechoka, na mtu mwenye huruma akiona kilichochoka anakimbilia maji. Nitawaambia mbele jambo hilo lilivyotaka kumponza mtoto wa watu.

Kupamba ni kazi ya macho. Mrefu anakaa nyuma, mfupi mbele, na usipange kama askari wa boma wakikaguliwa. Mnyaa, wenye vijiti vya kijani visivyo na majani, nauweka pembeni ya baraza ambako watoto hawapiti. Ule wenye majani marefu kama panga, yenye madoadoa, unavumilia kiza, kwa hiyo huo ndio wa ndani, kwenye kona ya chumba. Yule anayezaa watoto pembeni mwa jani namtia kwenye kibuyu kilichopasuliwa, nakining'iniza kwenye boriti. Mishubiri miwili inasimama mlangoni, mmoja huku na mmoja huku. Na mmea uliozoea kivuli usiupeleke juani kwa siku moja. Utaungua kama Mzungu aliyesahau kofia.

Mnyaa uheshimuni. Utomvu wake mweupe ukiingia machoni utaliita jina la mama yako. Kule Kabezi nilikuwa napamba nyumba mpya ya mfanyabiashara mmoja, shemeji yake akaja kunisaidia bila kuombwa. Nikamwambia, "Shemeji, acha." Akasema, "Hii ni miti tu." Akavunja matawi, jua likamchoma, akajifuta jasho usoni kwa mkono uleule. Tulimwona akitimka kuelekea ziwani, akatia kichwa chote majini kama bata. Alikaa ndani siku kadhaa macho yamevimba. Alipopona alikuja kwangu, nikadhani amekuja kugombana. Kumbe alitaka miche ya kuzungushia zizi la mbuzi zake.

Safari hiyo ya Kabezi ndiyo iliyoniweka mbali wakati wa mambo ya Mwavita.

Mwavita alikuwa mtoto wa marehemu dada yangu, amezaliwa na kukulia Kabonga, kusini kule. Baba yake alikuwa bado huko akivua. Aliolewa hapa Rumonge na Hamadi, kijana mpole aliyepeleka mawese kwa mtumbwi, na waliishi na mama yake Hamadi, mjane aliyesifika mji mzima kwa usafi. Mtu angeweza kula sakafuni kwa Mama Hamadi. Katika mji huu Mwavita alikuwa na mimi tu wa damu yake.

Zamani hizo tulikuwa na desturi yetu. Siku ya arusi, upande wa bwana arusi wanapamba baraza kwa vyungu vya mimea ya majani manono, na bibi arusi akishaingia nyumbani vyungu vile vinakuwa vyake. Wageni wakija kumsalimia, macho yao yanapita kwenye vyungu kabla ya kufika usoni kwake. Vikistawi wanasema ana mkono mzuri. Vikifa hawasemi kitu hapo, wanangoja wafike njiani. Baraza ya Mwavita niliipamba mimi mwenyewe, kwa kuitwa na Mama Hamadi, na nilijivunia. Kisha nikaenda Kabezi.

Lazima niwakumbushe pia habari ya malale, maana ninyi mmeisikia kama hadithi tu. Miaka ile ugonjwa wa usingizi ulikuwa umeshika ufuko wote wa ziwa. Mdachi aliamuru vichaka vya ufukweni vifyekwe, mbung'o wakose kivuli, na watu wengi wakang'oa hata nyua za nyumba zao. Kwa kweli hapo ndipo kazi yangu iliponawiri, kwa kuwa kila aliyefyeka ua alitaka kijani kidogo kwenye chungu. Daktari wa Kidachi na askari wake walipita mtaa kwa mtaa wakipapasa watu shingo, wakitafuta tezi. Aliyeonekana nazo alipelekwa kambini kuchomwa sindano. Wapo waliorudi, lakini tuliowakumbuka ni wale wasiorudi. Ukisinzia mchana mbele za watu, jirani anasogeza kiti chake.

Nikiwa Kabezi wakafika wapiga makasia na ujumbe wa Mama Hamadi: nije niondoe mimea yangu barazani kwake, inakufa na inamletea nuksi. Nikashangaa, sikuogopa. Ndipo mmoja wao akainama akanong'ona, "Na ule bibi arusi, banasema analala sana muchana." Hapo niliogopa. Niliacha kazi ya watu katikati, nikapanda mtumbwi wao.

Niliikuta baraza ambayo sikuitambua. Vyungu vyangu vya zamani havikuwepo. Palikuwa na vyungu vipya vyekundu, vinang'aa kama vimefutwa sasa hivi, na ndani yake mishubiri imelala, majani ya manjano, mingine imebaki kisiki. Chini ya nguzo alikaa Mwavita, sombe, majani ya muhogo, mapajani, kisu mkononi, kichwa kimeanguka kifuani. Amesinzia, asubuhi kweupe. Nikashika ukuta.

Mama Hamadi alitoka ndani na bulungutu la nguo lililofungwa kwa kanga.

"Amahoro, mkwe," nikamwamkia kwa Kirundi, kumtakia amani.

"Amahoro haiko," akajibu. "Unamuona mwenyewe. Anakata sombe, mara kichwa chini. Analala juu ya chakula. Na mimea yote imekufa mukononi mwake. Kesho ba askari banakuja kushika watu shingo huku kwetu. Leo mutumbwi unaenda Kabonga. Arudi kwa baba yake."

"Unamfukuza?"

"Namuficha!" Akalitupa lile bulungutu chini, akaanza kulia. "Ndugu yangu balimuchukua, sijamuona tena. Bakimuchukua huyu nitasema nini kwa Hamadi? Nitasema nini kwako?"

Wanangu, nilikuwa nimekuja na maneno makali mdomoni, yakaniishia. Hamadi alikuwa amesimama mlangoni, analitazama bulungutu la mkewe. Mwavita aliamka kwa kelele zetu, na kitu cha kwanza alichofanya, kabla hata ya kunisalimia, ni kunyoosha mkono kuchukua kata ya maji.

"Weka chini," nikamwambia. Nikachuchumaa mbele ya chungu kimoja. Mtu wa kazi akichanganyikiwa, anashika kazi yake. Nilikinyanyua, kikanielemea. Nikakilaza kiganja ubavuni. Chungu chenye mmea, ukikigusa, kina ubaridi na unyevu kidogo, kinapumua. Hiki kilikuwa kikavu na kiliteleza. Nikatia kidole ndani, nikakutana na uji. Nikanusa ubavu wa chungu.

"Nani amebadilisha vyungu?"

"Miye," alisema Mama Hamadi, akijifuta machozi. "Vile vyako vilikuwa na vumbi, mkwe, usikasirike. Nilinunua vipya kwa Batwa, bale bafinyanzi. Nikapaka mawese, nikavichoma vizuri kwa moto, ndani na inje, kama chungu kinavyopaswa. Nikahamisha mimea kwa mikono yangu. Nilitaka baraza ya mutoto ing'ae."

Mnajua wenyewe kwamba chungu kipya hakipiki hapa kwetu mpaka kipakwe mawese na kuchomwa, kisivuje. Mama gani wa Rumonge angeingiza chungu kisichopakwa nyumbani kwake? Na siku zile hatukuwa tunatoboa vyungu vya mimea chini, vilipasuka. Tuliviachia vyungu vyenyewe vitoe maji kwa jasho, na sisi tukamwagia kwa ubahili.

"Mtungi wako wa maji ya kunywa," nikamwuliza, "nao umeupaka mawese?"

"Mutungi? Hapana! Ukipaka mutungi utatoa jasho kwa wapi? Maji yatakuwa ya moto, yata..."

Akavitazama vyungu vyake vyekundu, kimoja baada ya kingine, kisha akaweka mkono mdomoni.

"Haviwezi kutoa jasho," akasema polepole.

"Haviwezi. Maji yote aliyomwaga mtoto yamo humo humo."

Nikamgeukia Mwavita. Macho yake yalikuwa mekundu, na uso umepungua. "Na wewe, usiku unalala?"

"Nalala namna gani, mama mudogo?" Akaitazama kata pale chini. "Nilisikia bageni banasema njiani, ukifa mumoja tena, narudi Kabonga. Nikifunga macho naona unakufa. Naamka, naenda kuangalia. Naona umelegea, naongeza maji. Narudi kitandani, naamka tena. Mimi sijalala, tangu wa kwanza ulipoanguka sijalala."

Nilitaka kucheka kwa furaha pale pale, ila sikuthubutu. Mimea nilikuwa nimekwisha kuijua, lakini mtu si mmea. Ningekosea je? Mama Hamadi alinitazama, nikaona anafikiri hivyohivyo, na mtumbwi ulikuwa unangoja.

"Akienda Kabonga akiwa mgonjwa, atafia huko bila dawa," nikasema. "Akienda akiwa mzima, mmempoteza bure. Mwacheni ashikwe shingo. Nitasimama naye."

Kisha Hamadi, ambaye tangu nifike hakuwa amefungua mdomo, aliinama akaokota bulungutu, akalifungua fundo, akaingia nalo ndani kurudisha nguo za mkewe mahali pake. Nilimpenda kijana yule kuanzia saa ile.

Kesho yake tulipangwa mstari ufukweni, pale palipofyekwa. Askari alikuwa akipiga kelele, "Shingo wazi! Shingo wazi!" Daktari alikuwa mtu mwembamba, mtulivu, mikono yake inanuka dawa. Aliwapita wengi upesi. Kwa Mwavita alikawia. Alipapasa kulia, akapapasa kushoto, akarudi kulia. Mama Hamadi alinishika mkono akauminya mpaka nikahisi mifupa. Daktari akamtoboa Mwavita kidole, akaweka damu kwenye kigae cha kioo, akaenda kuinamia hadubini yake chini ya turubai. Nilimwomba Mungu kwa maneno yote niliyoyajua, na mengine niliyabuni hapo hapo.

Akarudi anajifuta mikono. "Huyu hapana malale," alisema kwa Kiswahili chake. "Huyu choka. Nenda nyumbani, lala."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti mpaka askari akaniambia ninyamaze, na sikuweza kunyamaza. Mama Hamadi aliketi mchangani kama alivyo, na nguo zake safi, akawa anashukuru, "Murakoze, murakoze," sijui kwa daktari au kwa Mungu. Sijawahi kuhisi wepesi kama ule. Nilitembea kurudi nyumbani kama nimetuliwa mzigo wa kuni uliokuwa kichwani tangu Kabezi.

Tangu hapo ndipo nilipoanza kuwaomba wafinyanzi watoboe chungu chini kikiwa bado kibichi, kabla ya kukichoma. Walinicheka kwanza, chungu cha kuvuja ni cha nini? Leo kila mtu anafanya hivyo na anadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Na mkitaka kuuokoa mshubiri uliooza, msiuonee haya. Ukate juu ya pale palipooza, uendelee kukata kipande kwa kipande mpaka nyama iwe safi, isiwe na duara la kahawia katikati. Ulaze kivulini ukauke, kisha upande kwenye mchanga mkavu. Usiumwagie mpaka ukiuvuta kidogo uhisi umeng'ang'ania.

Ndiyo kazi niliyokwenda kuifanya kwa Mwavita asubuhi iliyofuata, nimebeba kisu, mchanga wa Murembwe na vyungu vyangu vya vumbi. Nilifika naita hodi kama kawaida yangu, kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Mama Hamadi alinitokea mbio, ufagio mkononi. Alikuwa amewafukuza kuku wote uani. Mwanamke mwingine aliyekuja kusalimia alikuwa amegeuzwa njiani, na jirani wa pili aliyekuwa anatwanga alikuwa amenyamazishwa kinu chake.

"Sauti chini!" akaninong'oneza kwa ukali. "Mutoto analala."

Jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya milima. Tuliketi barazani wawili sisi, tukakata na kusafisha mishubiri bila kusemezana, na kila mara aliinua mkono nisigonganishe vyungu. Adhuhuri ikapita. Hakumwamsha, wala hakuruhusu mtu amwamshe, mpaka Mwavita alipoamka mwenyewe.